Wilbur Wright na Pua ya Eropleni

Bila shaka umekwisha kuiona eropleni ikipita angani, au umekwisha kuisikia sauti yake. Labda ulijiuliza jinsi chombo kizito kama kile kinavyoweza kubebwa na hewa. Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kwamba hewa iendayo kasi ina nguvu ya kusukuma vitu. Ulijifunza pia habari za wenzo na egemeo lake. Leo utayatumia mambo hayo mawili katika kusoma maisha ya mtu aliyeitwa Wilbur Wright.

Watu wengi hudhani kwamba shida kubwa ya kuruka ilikuwa kupata injini yenye nguvu. Sivyo. Shida iliyokuwa kubwa zaidi ni kuituliza eropleni ikiisha kuwa hewani, ili pua yake isiinuke mno wala isiiname mno. Shida hiyo iliua watu hodari. Wilbur Wright alijua hatari yake tangu mwanzo, na alishindana nayo kwa muda wa miaka mingi. Soma kwa makini uone alivyofaulu, na uone pia mahali alipokosea.

Utoto wake

Wilbur alizaliwa tarehe 16 Aprili, 1867, karibu na kijiji cha Millville katika jimbo la Indiana, nchini Marekani. Baba yake, Milton Wright, alikuwa askofu. Kazi yake ilimfanya asafiri mara kwa mara, lakini aliipenda elimu, na nyumbani kwake mlikuwa na vitabu vingi. Mama yake, Susan, alikuwa binti wa fundi wa magari ya farasi. Tangu utoto alizoea kushika zana za useremala, naye ndiye aliyewatengenezea watoto wake vitu vya kuchezea. Kitu kikivunjika nyumbani, watoto walimpelekea mama.

Mwaka 1878, Wilbur alipokuwa na umri wa miaka 11, baba yao alirudi safarini na zawadi ndogo. Ilikuwa ni kitu cha kuchezea kilichotengenezwa kwa mwanzi, karatasi na kizibo, chenye mpira uliosokotwa ndani yake. Mpira ulipoachiliwa ujisokotoe, ulizungusha rafadha ndogo, na kitu kile kikapaa hadi darini. Wilbur na mdogo wake Orville walikichezea hata kikavunjika. Kisha wakatengeneza vingine wenyewe. Wanasayansi wengi walianza hivyo. Waliona jambo dogo likawashangaza, nao hawakutulia mpaka walipojua sababu yake.

Miaka ya huzuni

Wilbur alikuwa mwanafunzi mwenye akili, naye alitumaini kwenda chuo kikuu. Lakini alipokuwa na umri wa miaka 18, alipigwa usoni kwa gongo la mchezo alipokuwa akicheza na wenzake juu ya barafu. Meno yake ya mbele yaling'oka. Kidonda kilipona, lakini afya na moyo wake vilidhoofika. Wakati huo huo mama yake alikuwa akiugua kifua kikuu. Wilbur aliacha matumaini ya chuo kikuu, akakaa nyumbani kumwuguza mama yake. Kila siku alimbeba kumshusha na kumpandisha ngazi. Mama yake alifariki mwaka 1889.

Katika miaka hiyo Wilbur alisoma vitabu vya baba yake kimoja baada ya kingine. Hakupata shahada yoyote, lakini alijizoeza kusoma kwa makini na kufikiri peke yake. Baadaye yeye na Orville walifungua kiwanda kidogo cha kupiga chapa, na mwaka 1892 wakafungua duka la baiskeli katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Walitengeneza baiskeli zilizoharibika, kisha wakaunda za kwao wenyewe.

Kumbuka neno hilo baiskeli, kwa maana lina maana kubwa katika habari hii. Baiskeli haisimami peke yake. Mwendeshaji ndiye anayeizuia isianguke, kwa kugeuza usukani na kuinamisha mwili wake kila wakati. Mtu asiyejua huanguka, na aliyejifunza huenda bila hata kufikiri. Wilbur aliona kwamba huenda eropleni nayo ingekuwa hivyo: chombo kisichotulia chenyewe, bali kinachotulizwa na rubani. Wazo hilo lilimsaidia sana. Hata hivyo, baadaye utaona kwamba lilimletea matatizo pia.

Kifo cha Lilienthal

Katika nchi ya Ujerumani palikuwa na mhandisi aliyeitwa Otto Lilienthal. Yeye aliunda mabawa makubwa ya vijiti na kitambaa, akayavaa mabegani, akakimbia kutoka juu ya vilima na kuelea hewani. Aliruka hivyo zaidi ya mara 2,000. Alikiongoza chombo chake kwa kusogeza miguu na kiwiliwili. Pua ilipoinuka, alitupa miguu mbele ili uzito uishushe. Pua ilipoinama, alirudisha miguu nyuma.

Mnamo mwezi wa Agosti, 1896, Lilienthal alipokuwa hewani, pua ya chombo chake iliinuka ghafla. Alitupa miguu mbele, lakini uzito wa mwili wake haukutosha. Mabawa yalipoteza uwezo wa kubeba, chombo kikaanguka, naye akavunjika uti wa mgongo. Alifariki siku iliyofuata.

Pengine utauliza: Kwa nini pua ikiinuka mno chombo huanguka? Fikiri hivi. Bawa likiwa limeinuliwa mbele kidogo tu, hewa hupita vizuri chini yake na juu yake, nalo husukumwa juu. Ukiliinua zaidi kidogo, hubeba zaidi. Lakini ukiliinua kupita kiasi, hewa ya juu haiwezi tena kuufuata mgongo wa bawa. Huachana nalo, ikazungukazunguka ovyo nyuma yake. Hapo bawa halibebi tena. Eropleni hupungua mwendo, kisha huanguka.

Habari za kifo hicho zilifika Dayton wakati nyumba ya akina Wright ilipokuwa na mgonjwa. Mwaka huo huo Orville alishikwa na homa ya matumbo, iitwayo pia taifodi, akawa karibu ya kufa. Wilbur na dada yao Katharine walimwuguza hata akapona. Katika siku hizo Wilbur alianza tena kufikiri habari za kuruka. Tarehe 30 Mei, 1899, aliandika barua kwa taasisi kubwa ya elimu mjini Washington, akaomba orodha ya vitabu vilivyoandikwa juu ya jambo hilo. Alipovipata alivisoma vyote.

Majaribio juu ya mchanga

Wilbur aliamua mambo mawili. Kwanza, asingetegemea uzito wa mwili wake kuiongoza eropleni, kwa kuwa ndio uliomwangusha Lilienthal. Badala yake angetumia kibawa kidogo ambacho rubani aweza kukigeuza. Katika somo hili tutakiita kibawa kiongozi. Kikielekezwa juu, pua hupanda, na kikielekezwa chini, pua hushuka. Pili, kibawa hicho angekiweka mbele ya mabawa makubwa, si mkiani. Alifikiri kwamba kikiwa mbele kitamkinga na mwanguko kama ule wa Lilienthal.

Ndugu hao walihitaji mahali penye upepo mwingi, na penye mchanga laini wa kuangukia. Walipapata Kitty Hawk, pwani ya jimbo la North Carolina. Mwaka 1900 walikwenda huko na eropleni yao ya kwanza isiyo na injini. Mwaka 1901 walirudi na nyingine kubwa zaidi.

Eropleni ya mwaka 1901 iliwatia wasiwasi. Haikutaka kwenda sawa. Ilipanda na kushuka kama mtumbwi uliomo katika mawimbi. Siku moja pua yake iliinuka juu kabisa, na mwendo ukakoma. Hali ilikuwa ile ile iliyomwua Lilienthal. Wilbur alikuwa amelala kifudifudi juu ya bawa la chini. Alijivuta mbele upesi na kukitumia kibawa kiongozi. Eropleni haikutumbukia kwa pua, bali ilishuka ikiwa imelala sawasawa hadi mchangani, naye hakuumia. Kibawa cha mbele kilikuwa kimemwokoa.

Walichunguza sababu, wakaona kwamba mabawa yamepindwa mno, mfano wa mgongo wa kobe. Waliyanyoosha yakawa na mpindo mdogo, na eropleni ikatii zaidi. Hata hivyo mabawa yalibeba uzito mdogo kuliko ilivyoandikwa katika vitabu. Basi, je, vitabu vilikosea, au wao ndio waliokosea? Wilbur hakutaka kubahatisha. Waliporudi Dayton, yeye na Orville walitengeneza sanduku refu la mbao, lenye urefu wa mita 2 hivi, na feni ya kuvuma ndani yake. Katika sanduku hilo la upepo walipima vielelezo vidogo vya mabawa vipatavyo 200. Waliandika kila kipimo. Eropleni waliyoiunda mwaka 1902 kwa kufuata vipimo hivyo iliruka vizuri, nao waliirusha mamia ya mara.

Siku mbili za Desemba

Sasa ulikuwa wakati wa kutia injini. Hawakupata injini nyepesi ya kununua, kwa hiyo fundi wa duka lao, Charlie Taylor, aliiunda dukani pao. Ilikuwa na nguvu kama za farasi 12. Iliziendesha rafadha mbili kwa minyororo, sawa na baiskeli. Eropleni yote ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi bila rubani, na mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 12 kutoka ncha hadi ncha.

Tarehe 14 Desemba, 1903, ndugu hao walirusha sarafu ili kujua nani atangulie. Wilbur akashinda. Eropleni ilitelemka juu ya reli yake, ikaacha ardhi. Lakini Wilbur alikiinua kibawa kiongozi kupita kiasi. Pua ilipanda, mwendo ukapungua, na baada ya sekunde tatu na nusu eropleni ikaanguka mchangani. Sehemu chache zilivunjika. Wilbur alijua kwamba kosa ni lake, wala hakulificha.

Walitengeneza palipovunjika, wakarudi tarehe 17 Desemba. Kulikuwa na baridi kali na upepo mkali. Watu watano tu walikuja kutazama. Zamu hii ilikuwa ya Orville. Aliruka kwa sekunde 12, akaenda umbali wa mita 36 hivi. Kwa mara ya kwanza mtu alirushwa na eropleni yenye injini, akaiongoza mwenyewe, akatua salama. Siku hiyo waliruka mara nne kwa zamu. Mara ya nne Wilbur alikaa hewani sekunde 59, akaenda mita 260.

Lakini hata katika safari hiyo eropleni haikutulia. Ilipanda na kushuka mara nyingi, na mwishowe ikajitupa chini ghafla na kuvunja nguzo za kibawa cha mbele. Walipokuwa wakizungumza juu ya hayo, upepo uliikumba, ukaibingirisha na kuivunja. Haikuruka tena.

Kwa nini haikutulia?

Chukua rula uiweke juu ya kidole kimoja. Sehemu ile ambapo rula hutulia bila kuanguka upande wowote ndiyo kitovu cha uzito wake. Eropleni nayo ina kitovu cha uzito. Inapokuwa hewani huinuka na kuinama pua kwa kuzunguka kitovu hicho, kama ubao wa kubembea unavyozunguka egemeo lake.

Sasa fikiri habari za mshale. Kichwa cha mshale ni kizito, na nyuma yake mna manyoya. Mshale ukiyumba, upepo huyapiga manyoya na kuyarudisha mahali pake, na kichwa hurudi katika njia yake. Chombo chenye tabia hiyo husemwa kuwa ni thabiti. Uzito wake mwingi uko mbele, na sehemu ya kukituliza iko nyuma.

Eropleni ya Wilbur ilikuwa kinyume cha mshale. Kitovu chake cha uzito kilikuwa nyuma mno, na kibawa chake kiongozi kilikuwa mbele. Upepo ulipoinua pua kidogo, kibawa cha mbele kilipigwa na upepo zaidi, na pua ikazidi kuinuka. Ilipoinama kidogo ilizidi kuinama. Rubani alilazimika kuirekebisha kila nukta, wala hakupata nafasi ya kupumzika. Mwaka 1999 wanasayansi wa Marekani walipima eropleni iliyojengwa kwa mfano wa ile ya 1903 ndani ya sanduku kubwa sana la upepo. Walithibitisha kwamba kweli haikuwa thabiti.

Hivyo kibawa kilichomwokoa Wilbur mwaka 1901 ndicho hicho kilichochangia kuifanya eropleni yake isitulie. Jambo moja katika sayansi laweza kuwa na faida na hasara pamoja. Mtu mwenye busara hupima yote mawili.

Wilbur na Orville hawakukata tamaa. Mwaka 1904 walihamia katika malisho ya ng'ombe karibu na Dayton. Kwanza walijaribu kukirudisha kitovu cha uzito nyuma zaidi, na mambo yakawa mabaya kuliko awali. Basi wakageuza njia. Walifunga vipande vya chuma vyenye uzito wa kilo 30 hivi mbele ya eropleni, na kuyumba kukapungua. Mnamo Julai, 1905, Orville alianguka na eropleni ilipojitupa chini kwa pua, lakini hakuumia sana. Baada ya hapo walikiongezea kibawa kiongozi ukubwa, wakakisogeza mbele karibu mara mbili ya umbali wa kwanza. Wewe uliyejifunza habari za wenzo utaelewa sababu. Mtoto mdogo akikaa mwisho kabisa wa ubao wa kubembea, aweza kumwinua mkubwa aliye karibu na egemeo. Hali kadhalika kibawa kikiwa mbali na kitovu cha uzito huwa na nguvu zaidi ya kuiongoza pua, na eropleni huyumba polepole zaidi. Hapo rubani hupata wakati wa kuirekebisha.

Tarehe 5 Oktoba, 1905, Wilbur aliruka kwa dakika 39, akayazunguka malisho yale tena na tena, akaenda zaidi ya kilomita 38. Alitua kwa sababu mafuta yalikwisha, si kwa sababu pua ilimshinda.

Nguvu za injini na trimu

Injini ya mwaka 1903 haikuwa na chombo cha kuongeza au kupunguza nguvu zake wakati wa kuruka. Rubani alikuwa na kibawa kiongozi tu cha kumsaidia kupanda na kushuka. Rubani wa leo ana vitu viwili zaidi, navyo ni wenzo wa nguvu za injini, na trimu.

Trimu ni nini? Katika eropleni nyingi ndogo, kibawa kiongozi kiko mkiani. Ukingoni mwake kuna kipande chembamba kinachoweza kugeuzwa peke yake. Upepo hukipiga kipande hicho, nacho hukishikilia kibawa kiongozi mahali alipopataka rubani. Hivyo rubani hahitaji kuvuta au kusukuma usukani kwa mkono muda wote wa safari. Hiyo ndiyo kazi ya trimu.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Pengine wadhani kwamba rubani akiongeza nguvu za injini, eropleni itakwenda kasi zaidi tu, kama gari. Lakini kama eropleni ni thabiti, na rubani hakugusa usukani wala trimu, mara nyingi eropleni haiongezi mwendo sana. Badala yake huinua pua na kupanda juu. Akipunguza nguvu, huinamisha pua na kushuka. Mwendo hubaki karibu ule ule. Kwa hiyo marubani hujifunza kwamba trimu huchagua mwendo, na nguvu za injini huchagua kupanda au kushuka.

Ziko sababu zaidi ya moja. Mwendo unapozidi, mabawa hubeba zaidi, na eropleni huanza kupanda. Aidha, katika eropleni nyingi zenye rafadha mbele, upepo wa rafadha huupiga mkia kwa nguvu zaidi, ukausukuma chini, na pua ikainuka. Ndiyo maana rubani anapobadili nguvu za injini huirekebisha trimu pia. Akisahau, pua yaweza kuinuka mno au kuinama mno, na wewe umekwisha kujua hatari yake.

Jaribio

Vifaa: karatasi moja, vibanio vitatu vya karatasi.

1. Kunja karatasi uunde eropleni. Irushe polepole mbele yako, mahali pasipo na mtu. Angalia pua yake.
2. Bana kibanio kimoja puani. Irushe tena. Je, inakwenda sawa zaidi?
3. Ondoa kibanio cha puani, kisha bana vibanio viwili nyuma. Irushe. Utaona pua ikiinuka, kisha eropleni ikianguka. Hivyo ndivyo inavyokuwa kitovu cha uzito kikiwa nyuma mno.
4. Ondoa vibanio vya nyuma, urudishe kimoja puani. Kunja kingo za nyuma za mabawa juu kidogo sana, kisha irushe. Zikunje chini kidogo, irushe tena. Kingo hizo zinafanya kazi kama kibawa kiongozi na trimu.
5. Bila kugeuza kingo, irushe kwa nguvu kidogo, kisha kwa nguvu nyingi. Irushwapo kwa nguvu nyingi, tazama kama pua itapanda.

Andika katika daftari yako yale uliyoyaona kwa macho yako, si yale uliyotazamia kuyaona.

Miaka ya mwisho

Watu wengi hawakuamini kwamba ndugu hao wameruka. Mnamo Agosti, 1908, Wilbur aliirusha eropleni yake Ufaransa, katika uwanja wa mbio za farasi karibu na mji wa Le Mans. Siku ya kwanza aliruka kwa muda usiotimia dakika mbili, akageuka vizuri angani, akatua. Waliokuja kumcheka waliondoka wakimsifu. Tarehe 31 Desemba ya mwaka huo alikaa hewani kwa saa 2 na dakika 20. Mwaka 1909 aliruka juu ya mto Hudson katika jiji la New York, mbele ya umati mkubwa wa watu.

Ingawa alipata sifa nyingi, Wilbur aliendelea kuishi kwa unyenyekevu. Hakuoa. Aliishi na baba yake, dada yake na Orville. Mwezi wa Mei, 1910, ndugu hao wawili waliruka pamoja kwa mara moja tu katika maisha yao. Siku hiyo hiyo Orville alimpeleka hewani baba yao, mzee wa miaka 81.

Katika mwaka huo 1910 walifanya jambo jingine linalostahili kukumbukwa. Waliunda eropleni mpya ambayo kibawa chake kiongozi hakikuwa mbele, bali mkiani. Kwa miaka kumi walikuwa wamekiweka mbele, na kilikuwa kimewapatia sifa duniani kote. Lakini walipoona kwamba nyuma panafaa zaidi, walikihamisha. Hadi leo eropleni nyingi hujengwa hivyo.

Mwaka 1912 Wilbur alishikwa na homa ya matumbo, ugonjwa ule ule uliokuwa karibu kumwua Orville. Ugonjwa huo huletwa na vijidudu viingiavyo mwilini katika maji au chakula kichafu. Siku hizo madaktari hawakuwa na dawa ya kuviua vijidudu hivyo. Wilbur alifariki nyumbani Dayton tarehe 30 Mei, 1912, miaka 13 kamili tangu alipoandika barua ile ya kuomba vitabu. Alikuwa na umri wa miaka 45. Aliyeokoka maanguko mengi ya angani aliuawa na kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho. Nawe usisahau kuchemsha maji ya kunywa na kunawa mikono kabla ya kula.

Mambo ya kukumbuka

Eropleni huinuka na kuinama pua kwa kuzunguka kitovu chake cha uzito. Kitovu kikiwa nyuma mno, eropleni haitulii. Pua ikiinuka kupita kiasi, mabawa hupoteza uwezo wa kubeba. Trimu humsaidia rubani kuuweka mwendo autakao, na nguvu za injini humsaidia kupanda na kushuka. Katika maisha ya Wilbur Wright tunajifunza kupima kabla ya kuamini, na kukubali kosa upesi ili tulisahihishe.

Maswali

1. Kwa nini Otto Lilienthal alishindwa kuishusha pua ya chombo chake?
2. Wilbur alikuwa na sababu gani ya kuweka kibawa kiongozi mbele? Taja faida moja na hasara moja ya mahali hapo.
3. Eleza jinsi mshale unavyotulia katika njia yake.
4. Kwa nini vipande vya chuma vilifungwa mbele ya eropleni mwaka 1904, wala si nyuma?
5. Tumia elimu yako ya wenzo kueleza kwa nini kibawa kiongozi kilisogezwa mbali zaidi na mabawa mwaka 1905.
6. Rubani wa eropleni thabiti ameongeza nguvu za injini bila kugusa usukani wala trimu. Pua itafanya nini? Kwa nini?
7. Baiskeli na eropleni ya mwaka 1903 zilifanana kwa jambo gani?
8. Jadiliana na wenzako: Je, ilikuwa aibu kwa ndugu hao kukihamisha kibawa kiongozi baada ya miaka kumi? Toa sababu zako.